Ngoma ya Mama Katikati ya Magoti Yangu

Leo nimefundishwa gofu na mama mwenye nyumba wangu, ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani.

Jumamosi nacheza na bosi kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo jioni nilikuwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, huku Mkonze. Kila nikipiga, mwili wote unahamia kulia, halafu unarudi kushoto, na mpira naenda kuutoa kwenye miiba.

Mama alikuwa anapepeta uwele. Akaniuliza, "Mbona unaukimbia mpira?"

Akaingia ndani, akatoka na ngoma yake ndogo ya muheme.

"Ibane na magoti. Sisi tunaipiga na kucheza nayo hivyo na haidondoki. Zungusha kiuno, usihame."

Sasa jamani, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Majirani wawili wakasogea, wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa khanga.

Ngoma ikadondoka mara tatu.

Mara ya nne ikatulia.

Mama akaichukua. "Haya, piga sasa."

Nikapiga, magoti bado yanaikumbuka.

Mpira ukapaa taratibu, mweupe, juu ya nyasi kavu, ukaelea kwenye mwanga wa jioni kama vile umesahau kushuka. Mimi nilikuwa huko huko juu nao.

Mama akautazama mpaka ukapotea.

"Unayo mingapi?"

Nilikuwa nao huo huo.

Mwenye mpira wa gofu Dodoma hii, naomba aniazime kabla ya Jumamosi. Magoti ninayo.