Siku Mama Mkwe Alipokalia Kiti cha Mgeni

Kuna Jumamosi moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Na usicheke nikikuita mwanangu, najua ndevu zangu ni hizi tu. Lakini wewe umeingia chuo juzi, na mimi nimefunga spika za hiki chuo tangu ukiwa unavaa kaptula. Kwenye haya mambo mimi ndiye mzee. Kaa hapo.

Mimi sikusoma hapa. Redio nilijifundisha mwenyewe kule mpakani Busia, nikaharibu nyingi kabla sijatengeneza moja. Lakini mtu akisema vibaya juu ya hiki chuo cha Walutheri nikiwa nasikia, tutakosana siku hiyo hiyo. Hapa ndipo nilipata rafiki. Rafiki mwenyewe ni Wandera.

Wandera, Msamia, alikuwa mwaka wa mwisho na ndiye kiongozi wa kikundi cha ngoma. Mabega yake ungedhani hayana mfupa. Na siku ya wahitimu wa zamani, baada ya sala na hotuba, kikundi kilikuwa kinafunga na ngoma ya mabega. Mwisho wa ngoma, kiongozi anakwenda mpaka kwa mgeni wa heshima, anamshika mkono, anamwingiza katikati, wanatikisa mabega uso kwa uso. Watu walikuwa wanangoja hiyo tu. Hata askofu alishavutwa, na akajitahidi.

Sasa sikia shida. Wandera alikuwa na msichana wake, Athieno, Mjopadhola wa Nagongera, upande wa Uganda, wamesoma darasa moja. Wazee wa Wandera walikuwa wameshakwenda kwao kujitambulisha, wakapokelewa. Kwa hiyo mama yake Athieno alishakuwa mama mkwe, na mambo ya mama mkwe kwetu huku unayajua, Samia au Padhola ni yale yale. Humshiki mkono. Huli naye meza moja. Ukimwona njiani, unapisha. Sasa umtikisie mabega machoni, mbele ya chuo kizima? Na safari ya pili ya wazee, ile ya mahari, ilikuwa bado, na wajomba wa Athieno walikuwa hawamtaki huyu kijana wa ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wanatafuta sababu tu.

Yule mama mwenyewe alisoma hapa, na wale wa mwanzo kabisa, enzi darasa ni mabati matupu. Alipomaliza akaenda Kiyeyi akaanzisha shule ya wasichana. Wasichana wa shule hiyo wengine sasa wanafundisha hapa hapa. Wandera alijua atakuja. Aliniambia asubuhi tukifunga nyaya, "Akikaa kule nyuma na wenzake, hakuna neno. Mimi nitaangalia chini."

Mgeni wa heshima alikuwa injinia fulani, anatoka Kampala. Kikundi kimeshaingia uwanjani, nimeshaanza wimbo kwenye laptop, ndipo emsii anachukua maiki. "Injinia wetu bado yuko Malaba, malori yamefunga barabara. Lakini sisi hatukosi watu. Namwomba Mama wa Kiyeyi aje akalie hiki kiti."

Makofi. Mama akainuka kule nyuma, akaja taratibu, akakaa.

Nikamwangalia Wandera. Filimbi iko mdomoni na haitoi sauti. Miguu ilikuwa inacheza yenyewe tu, uso ulishakwenda. Mduara ulipomleta karibu na meza yangu, akainama kama anafunga njuga.

"Nifanye nini?"

"Anguka. Jifanye mguu umeteguka."

"Nianguke aseme binti yake anaolewa na mgonjwa?"

"Basi mpe msaidizi wako Ouma filimbi, aende yeye."

"Ouma ni binamu yangu. Na yeye ni mkwe."

"Usimchukue basi. Pita tu."

"Nipite? Watasema nimemkataa mbele ya watu." Mduara ukamchukua, akaenda.

Mwanangu, mimi nina hasira za karibu. Nilimkasirikia emsii, nikamkasirikia injinia na malori yake yote, nikawakasirikia hao wajomba ambao hata sijawahi kuwaona. Kibwagizo cha mwisho kilikuwa kinakuja, najua ule wimbo kama jina langu. Nikaweka mkono kwenye swichi kubwa. Nizime kila kitu, niseme stima imepotea, watu watawanyike waende kula. Wanifukuze kazi wakitaka. Rafiki yangu haaibiki nikiwa hapa.

Mkono mwingine ukaja juu ya mkono wangu. Mwalimu Auma, mlezi wa kikundi, mama mzima wa nywele nyeupe, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Toa mkono hapo."

"Mwalimu, hujui. Yule ni mama mkwe wake."

"Najua. Ni Wandera amekutuma uzime?"

"Hapana. Lakini ni rafiki yangu."

"Na yule mama ni rafiki ya nani?"

Nikaukaza mkono kwenye swichi.

"Nyinyi mkiona mtu wenu ana shida, mnafikiri ni yeye peke yake," akasema, pole pole tu, kama tuko jikoni. "Muangalie yule mama. Ameshakaa kiti cha mbele, hana hata pa kuweka macho. Ukizima, uwanja wote utanyamaza na kumgeukia yeye. Wacha wimbo. Na utazame."

Nikatazama. Kweli, tangu aitwe sikuwa nimemwangalia hata mara moja. Mama alikuwa ameshika mkoba magotini kama mtu anayengoja daktari amwite. Akaufungua, akatoa leso, akajifunga kiunoni, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Akavua viatu. Na mimi mkono uko kwenye swichi bado, siudanganyi moyo wangu. Sikuutoa.

Wandera akatoka kwenye mduara. Anakwenda kwa ule mtindo wa chini chini, macho kwenye nyasi, shingo imejaa jasho. Nilijua hana mpango wowote. Anakwenda tu kwa sababu wimbo unasema aende.

Kabla hajafika, mama akasimama. Mwenyewe, hakungoja kushikwa mkono. Akaingia uwanjani, akageuka, akampa mgongo, na mabega yakaanza. Mwanangu, yale mabega. Wandera aliona miguu isiyo na viatu imeelekea upande mwingine, akaelewa. Na yeye akageuka. Wakacheza hivyo, mgongo kwa mgongo, nafasi kubwa katikati, hakuna aliyemwona mwenzake. Watu wakasimama juu ya viti. Walidhani ni mtindo mpya.

Nilipotoa mkono kwenye swichi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kama ningeizima, ningemwacha mama wa watu amesimama kwenye nyasi bila viatu na bila wimbo.

Jioni, nikiwa nakunja nyaya, yule mama alikuja kwenye meza yangu. Kwa Wandera asingeweza kwenda. "Wewe ndiye mtu wake?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie mimi nimeuona mgongo wake tu. Lakini mgongo wake una adabu. Na wajomba nitaongea nao mimi."

Wazee walikwenda Nagongera mara ya pili, na Athieno sasa ni shemeji yangu, ananipikia na kunigombeza. Na ile ngoma unayofundishwa mazoezini, ambapo mgeni anacheza amegeuka, mnadhani ni ya mababu. Ni ya siku hiyo.

Sasa Jumamosi hii utaongoza wewe, na naona usingizi huna. Nisikie. Kabla hujamvuta mtu uwanjani, uliza kwanza ni nani kwako. Ukimpenda rafiki, mpende, lakini usikasirike kwa niaba yake kabla hujamuuliza anataka nini. Na yule unayemwogopa pale mbele, mwangalie vizuri. Huenda na yeye anakaza fundo la leso.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu. Akupe na watu wa kukushika mkono kabla hujazima. Wimbo niachie mimi.