Kitanda cha Dirishani

Baba yangu alikuwa na duka la jumla, na jeuri ya kutosha maduka matatu. Mteja aliyeingia akisema "Nipe chumvi" bila salamu alirudishwa mlangoni aanze upya. Majeshi ya wageni yalipokuja kupigania Kisangani, kipande cha bomu kikamchana paja, na jeuri yake akaingia nayo hospitali.

Daktari alikuwa mmoja kwa chumba kizima. Hakumwita mtu kwa jina. Alisimama katikati, macho kwenye bandeji, akaita vitanda.

"Lit ya dirisha! Unaumia wapi?"

Baba akageukia ukuta. Daktari akapita.

"Papa, jibu," nikamwambia. Mimi, binti yake, ndiye niliyempikia na kulala chini ya kitanda chake.

"Miye haiko kitanda. Anisalimie kwanza."

Kesho yake ikawa vilevile. Sindano chache zilizobaki zikaenda kwa walioitika, na kidonda cha baba kikaanza kunuka. Niliwachukia wote wawili sawasawa. Nikamfuata daktari uani, alikokuwa akinawa mikono bila sabuni, nikamtajia jina la baba, la babu na la duka.

"Mama, acha," akasema. "Wale nilijua majina yao, wote walikufa. Majina inanichosha."

"Na huyu atakufa bila jina, kwa sababu yako," nikamjibu. Ukali ule niliurithi bure.

Asubuhi iliyofuata alikuja moja kwa moja dirishani, akaketi kitandani, akamshika baba mkono. "Mbote, papa. Umeamuka je?"

Baba akang'aa uso. Alijibu, akauliza habari za watoto wa daktari. Walikuwa wamekimbilia Yahuma, daktari akasema, na hajui kama wako hai. Nikashusha pumzi, nikidhani tumeshinda.

"Bon, docteur. Na mguu yangu?"

Daktari hakuuachia mkono. "Papa, dawa iliisha jana. Sumu imeshapanda. Juzi ningekuponesha. Leo siwezi, na siwezi kukudanganya."

Nilitaka kumrukia shingoni. Wengine aliwadanganya kila siku kwamba watapona; sisi tulimkosea nini? Baba akanizuia. Alimshukuru, mzee mpumbavu yule na heshima zake, kisha akaniagiza nimpe daktari chikwanga yetu ya muhogo, maana alionekana ana njaa.

Nikampa. Aliila palepale kitandani, analia huku anatafuna, na baba akawa anambembeleza. Mimi hakuna aliyenibembeleza.