Nyaya Mbili, Mnyororo Mmoja

Miezi michache iliyopita, nje ya ofisi ya simu hapa Lindi, fundi alimchorea akida wa Wajerumani mistari miwili mchangani. Waya wa kwenda Kilwa ulikuwa umekatwa Kiswere.

"Tukivuta nyaya mbili sambamba," fundi akasema, "kila waya una njia yake ya umeme. Huu ukikatika, ule unaendelea na kazi."

"Maarifa hayo!" akida akachekelea.

Nyuma yao walipita wafungwa na nguzo mabegani, mnyororo mmoja shingoni mwao wote. Mzee wa mbele akajikwaa, wote wakaenda chini.

"Bwana fundi," mmoja akauliza kutoka mavumbini, "na sisi je?"

Fundi akaufuta mchoro kwa kiatu.

Serikali haitaki umeme upate tabu. Waya wa pili umeshavutwa, na walioubebea nguzo bado wako kwenye mnyororo uleule.