Maji Yanayong'aa Chini ya Chome

Tangu utotoni, kutoka dirisha la darasa letu kule Chome milimani, niliyaona maji yaking'aa mbali tambarare kama kipande cha bati kilichosahauliwa juani. Nilichapwa mara nyingi kwa kuyatazama hayo badala ya ubao. Darasa la sita nikaacha shule, nikamwambia mama natelemka mara moja tu. Nikazurura Tanga, Morogoro na kwenye mashamba ya mkonge miaka tisa, na maji yenyewe sikuyafikia.

Niliporudi, maduka ya Same yalikuwa yameanza kuwa na sabuni na sukari tena. Nilimletea mama kanga nyekundu. Siku ya tatu akaona miguu yangu haitulii.

"Nenda kayaone hayo maji," akasema. "Mimi nimeyatazama tangu nilipoolewa, na magoti haya hayanifikishi tena. Uje unieleze yana nini. Jumamosi mchana nitaitundika kanga yako kwenye mparachichi, ukiinua macho uione. Halafu urudi, mwanangu. Safari hii urudi."

Ijumaa nilitelemka kwa miguu hadi Makanya, viatu vya mtumba vikinibana vidole. Nikalala kwa Baba Zuhura, Mha tuliyekata naye mkonge. Shamba lilipofungwa hakurudi Kigoma. Siku hizi anavua kambale Mto Ruvu, nje ya mpaka wa hifadhi yenye maji yale, na askari wa wanyamapori humruhusu kuingiza mgeni anayetaka kutazama.

Jumamosi alfajiri tukashika njia ya magharibi, katikati ya migunga. Swala walituangalia, wakaendelea kula. Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipoingia kwenye matete yaliyotupita kimo.

"Hapa usisimame," Baba Zuhura akaninong'oneza, akionyesha njia pana iliyokanyagwa. "Barabara hii ina mwenyewe."

"Nani?"

"Kiboko. Akitoka malishoni akakukuta katikati yake na maji, hakusalimii. Ninyi Wapare, kwa kupenda kesi, mtampeleka mahakamani, najua, lakini wewe hutakuwepo kutoa ushahidi."

Nilicheka huku nikiharakisha hatua.

Mbele matete yakafunguka. Hakukuwa na kipande cha bati nilichokizoea. Yalikuwa madimbwi mengi ya maji ya kahawia, yananuka tope. Lakini yalikuwa hai! Mdiria alijirusha majini akaibuka na samaki. Masikio ya viboko yalitikisika juu ya maji. Ng'ambo, korongo wawili wenye taji walikuwa wakirukaruka wakitazamana, kama wachumba waliosahau kwamba wana wageni. Kila ndege nilimuuliza jina. Baba Zuhura alipokosa la Kiswahili alinipa la Kiha, nikalishika hivyo hivyo.

Mchana nikainua macho kutafuta kanga. Milima ilikuwa imefunikwa na mawingu mazito. Hata Chome yenyewe sikuiona. Nikasubiri hadi saa tisa, shingo ikaniuma.

"Sasa unawaangalia ndege au unaangalia kwenu?" Baba Zuhura akauliza.

Nilikuwa nimefika mahali nilipopatamani maisha yangu yote, nami nilikuwa nimeyapa mgongo maji.

Jioni, Makanya, lori la kwenda Dar lilikuwa limesimama kando ya barabara. Dereva akapiga kelele kwamba utingo wake amemkimbia. "Wewe kijana, panda! Kazi ipo, chakula kipo!" Niliweka mguu mmoja kwenye ngazi. Ulikaa pale muda mrefu kuliko inavyonipendeza kusema. Kisha nikaushusha.

Jumapili nikapanda mlima. Njia ilikuwa na utelezi. Nilimkuta mama jikoni, nikamweleza yote: tope, viboko, korongo na taji zao.

"Na kanga uliiona?"

"Niliiona, mama. Nyekundu kabisa."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Muongo wee! Jana mvua imenyesha hapa kutwa nzima. Kanga yako iko sandukuni, hata sijaikunjua."

Nikainamisha kichwa. Baadaye nikamuuliza, "Ulijua kwamba nitarudi?"

"Sikujua," akasema, akigeuza ndizi kwenye majivu. "Nilikaa mlangoni natazama ukungu, upande ule wa maji yako."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari hiyo: kile ambacho mama alikuwa akikitazama kule chini, miaka yote tisa, hakikuwa maji.