Dereva Asiyepanda Nyuma

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, nilikuwa nikiendesha pikapu kutoka Mpanda kwenda Ikola. Wewe ulikuwa mapajani mwa mama yako, mtoto wa siku kumi na mbili, na kiti nilichokalia kilikuwa kikitetemeka mpaka meno yangu yanagongana. Mwanangu, nimeogopa mara nyingi katika maisha yangu. Nimekutana na tembo barabarani, nimeugua homa ya kuagana na watu. Lakini hofu ya siku ile haijanitoka, na jana ilirudi yote nilipokusikia ukimjibu abiria wako: "Mama, hii ni barabara tu." Kikombe cha chai nilikiweka chini. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka ile ya tisini, tena kwa sauti hiyohiyo ya mtu anayejua kila kitu.

Basi kaa kidogo. Abiria watakusubiri.

Gari lilikuwa la mjomba wangu. Nilikwenda na unga na watu, nikarudi na dagaa. Mtetemo ulianza kidogo kidogo. Mwanzoni nyuma ilikuwa ikiruka gari likiwa tupu, halafu ikawa inaruka hata likiwa na mzigo. Nikapunguza upepo wa matairi, nikaongeza, nikapunguza tena. Nikabadilisha shokapu zote mbili za nyuma, zile zinazozuia gari lisirukeruke, nikatamba kijiweni wiki nzima kwamba kazi imekwisha. Gari likaendelea kuruka. Nikasema ni barabara. Nani angenipinga? Barabara yetu ilikuwa imejikunja kama bati, na kila gari lilitetemeka juu yake. Ukiwa na barabara mbaya, mwanangu, hukosi wa kumsingizia.

Tena sisi madereva wa huku tulikuwa na dawa yetu. Gari likiruka, unalitia uzito. Nilijaza mchanga wa mtoni kwenye viroba vinne, nikavilaza juu ya magurudumu ya nyuma, gari likatulia. Nikajiona fundi, nikaanza kuwafundisha na wenzangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema waliotutangulia, na mimi maradhi ya gari niliyafukia kwenye mchanga.

Alikuwepo mchuuzi mmoja wa dagaa, Mama Tausi, mtu wa Ikola. Nafasi yake ilijulikana: pembe ya kushoto, nyuma kabisa, juu ya tairi. Mara tatu aliniambia, "Baba, huku kuna kitu kinatupiga kutoka chini. Hata pale kwenye tambarare hakiachi." Mara ya tatu nikamjibu mbele za watu, "Mama, wewe jua dagaa, gari niachie mimi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alipanda akakaa mahali pake.

Unajua desturi yetu, nanyi mnaifuata mpaka leo: dereva hapandi nyuma. Nyuma ni kwa abiria, magunia na mbuzi. Miaka mitatu niliendesha gari lile, na sikuwahi hata siku moja kukaa nyuma likitembea.

Sasa siku ile nilikwenda Mpanda kuwachukua hospitali. Mama yako alikuzaa kwa taabu, tulikaribia kuwakosa wote wawili, na bibi yako alikuwa Ikola anahesabu siku. Abiria walikuwa wengi, nikashusha viroba vya mchanga ili wapate pa kukaa. Mama yako alikaa mbele na wewe. Nyuma walikaa Mama Tausi, watu wengine sita, na mzee mmoja mwenye kofia ya pama ambaye sikumjali.

Tulipoacha mji mbali, gari likaanza. Haukuwa ule mruko niliouzoea. Nyuma ilikuwa ikinyanyuka na kushuka, kiti kikinitetemesha mpaka tumboni. Mama yako alikukumbatia kwa mikono miwili. Mbele yetu barabara ilikuwa inaanza kuteremka milima kuelekea ziwani, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde ambalo miti yake unaiona vilele tu.

Abiria wa nyuma wakagonga paa la chumba cha dereva. Nikajifanya sisikii. Wakagonga tena, safari hii kwa ngumi.

"Mume wangu, simama," mama yako akasema. "Mimi naogopa."

Mimi niliogopa kuliko yeye, ila nilikuwa naona aibu kusema. Nikasimama.

Mama Tausi alikuwa ameshashuka. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akaniambia. "Hebu njoo ukae pale ninapokaa mimi."

Yule mzee naye akashuka taratibu, akajipangusa vumbi. Jina lake Mzee Bukuru, mtu wa Katumba, fundi aliyezeekea kwenye magari ya kubeba tumbaku. Alikuwa anakwenda Ikola kumwona binti yake aliyeolewa huko. Hakunigombeza. Aliniuliza tu.

"Usukani unatetemeka?"

"Hapana mzee, umetulia."

"Kiti je?"

"Kiti ndiyo."

"Basi ugonjwa uko nyuma. Ukiongeza mwendo, kipigo nacho kinaongezeka?"

 Miezi miwili gari linaruka, mwanangu, na sikujua! Mama Tausi ndiye aliyejibu: "Kinaongezeka. Gari ikienda polepole kinapiga du, halafu du. Ikikimbia ni dudududu mpaka kiuno kinauma."

Mzee akatikisa kichwa. "Barabara haina hesabu. Shimo linapiga linapotaka. Kinachopiga kwa hesabu ni kitu kinachozunguka. Nipe ufunguo, wewe panda nyuma."

Watu wakashuka wote. Akaligeuza gari, akalirudisha polepole kwenye ile sehemu tambarare tuliyotoka. Mimi nilikaa kwenye pembe ya Mama Tausi, na Mama Tausi pembeni yangu ananitazama usoni. Nilipigwa, mwanangu. Kila tairi lilipozunguka mara moja, kitu kilinipiga mara moja, pale pale, bila kukosea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilijua dakika ile ile kwamba yule mama alikuwa ananiambia kweli tupu.

Tukarudi walipobaki wenzetu, tukaweka mawe kwenye magurudumu mengine, tukapiga jeki. Mzee akaomba kipande cha mkaa kwa abiria mmoja, akakishika juu ya jiwe karibu kabisa na tairi la kushoto, akaniambia nilizungushe kwa mkono. Likapita bila kugusa, likapita, halafu likakwaruza mkaa. Nikazungusha tena, likakwaruza palepale. Kisha akaushika mkono wangu akaupitisha upande wa ndani wa tairi, ule unaotazama uvungu. Kulikuwa na uvimbe kama yai la bata.

Kila asubuhi nililipiga tairi lile teke kwa nje nikasema zima.

Tulipolivua na kutoa upepo, Mzee akaubonyeza ule uvimbe kwa kidole gumba. Ukaingia ndani, laini kama utosi wako. Nyuzi za ndani ya tairi zilikuwa zimekatika, imebaki ngozi ya mpira peke yake. Akaitazama barabara inayoteremka, akamtazama mama yako aliyekuwa ameketi kwenye kivuli anakunyonyesha, halafu akanitazama mimi.

"Mwana wanje," akasema kwa Kirundi chake, yaani mwanangu, "hii ilikuwa imebakiza kona chache ipasuke. Umeiwekea nini miezi yote hii isiruke?"

Nikamwambia habari ya viroba.

"Hukuitibu. Uliiziba mdomo. Na huyu mama ukamziba mdomo pia."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Niliwaza lile bonde, na watu wanane nyuma, na wewe ambaye bibi yako hajakuona. Nikamwambia Mama Tausi, "Nisamehe, mama yangu." Akasema, "Nimeshakusamehe. Simama ufunge nati, jua linakwenda."

Tukafunga tairi la akiba, tukateremka polepole. Gari lilikuwa limetulia kabisa. Niliyetetemeka ni mimi, mpaka Ikola.

Sasa nisikilize. Nimeona viroba viwili nyuma ya gari lako. Umeniambia ni mchanga wa kujengea jiko la mama yako. Mwanangu, jiko la mama yako lilijengwa mwaka jana.

Ijumaa unampeleka mkeo Mpanda na ujauzito wake. Kabla ya Ijumaa, shusha huo mchanga. Mpe mwenzako usukani, na wewe ukae nyuma, pale anapokaa yule abiria uliyemjibu jana, na umwombe akae karibu akuonyeshe. Usione haya. Chombo kikikulalamikia, kisikilize, usikitafutie uzito wa kukinyamazisha. Na mtu anayekaa mahali kipigo kinapoingia, hata kama hajawahi kushika spana, muulize kwanza yeye. Mimi nilijua gari kwa mikono miwili iliyoshika usukani, Mama Tausi alilijua kwa kiuno chake, na aliyekuwa sahihi ni yeye.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa mwendo. Akuangalie mbele unakoona na nyuma usikoona. Mkeo afike salama, mtoto wako afike salama, na kila anayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amina. Haya, nenda kashushe viroba, mimi nakuja kukaa nyuma na wewe.