Fundi Upepo na Kiatu Chake

Fundi upepo wa pale njia panda hapimi tairi, analipiga teke. Anainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza mapafu, kisha anashindilia upepo mpaka tairi linavimba kama shavu la mpiga zumari. "Hilo sasa ndilo tairi!" Kipimo kipo, kinaning'inia shingoni mwake kama kidani, pambo tu. Mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, aliwahi kumwambia kwamba upepo ukizidi, tairi hupasuka kwenye lami ya moto. Fundi alicheka mpaka magego yakaonekana. "Mama, kwani na upepo nao ulisomea?"

Leo mwalimu amefika na wajukuu watatu kiti cha nyuma, akakuta teksi mbele yake. Ndani amekaa mama mkwe wake fundi, anarudi kwake, safari ya kutwa nzima. Fundi akavua kipimo shingoni, akapiga magoti, akapima matairi yote manne, akapunguza upepo, akapima tena. "Jua kali, mama," akamwambia mkwewe kwa adabu zote. "Yakijaa sana yatapasuka njiani."

Teksi ikaondoka. Fundi akakivaa tena kipimo chake, akaligeukia gari la mwalimu, akainua kiatu.