Mguu wa Baba kwenye Mteremko wa Kibuta

Juzi, nikitoka kazini nimechoka, nilifunga breki ghafla pale kituo cha Picha ya Ndege, lami ikiwa imelowa. Pedali ilitetemeka chini ya mguu wangu, gari likasimama bila kuteleza. Fundi niliyempelekea gari aliniambia pedali haijaharibika. Breki zenyewe hubana na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi lisikwame likateleza.

Nikakumbuka mchana mmoja utotoni. Baba aliendesha lori la kijiji lililojaa korosho, nami nilikaa pembeni yake, puani harufu ya dizeli na magunia. Kwenye mteremko wa Kibuta tope likaanza kutuburuta. Mguu wake ukawa unapanda na kushuka haraka juu ya breki, pedali ikilia kwichi, kwichi. Tulisimama hatua chache kabla ya korongo.

Nyumbani nilitangaza, "Baba aliogopa mpaka mguu ukatetemeka!"

Shangazi alicheka. "Dereva gani wewe, kaka?"

Baba aliendelea kunawa tope miguuni.

Jana nilimpigia simu. "Shikamoo, baba. Kumbe siku ile Kibuta hukuogopa. Ulikuwa unapampu breki, unabana na kuachia."

"Marahaba. Niliogopa sana, mwanangu," alisema kwa sauti ya uchovu. "Mguu ndio haukupata nafasi ya kuogopa."